Mguu Niliounyoosha Bila Kuombwa

Ninyi vijana mnaoingia leo kwenye vyumba vya plasta, naanza kwa kukiri kwamba sielewi. Nimefunga mifupa ya watu hapa Dodoma kwa miaka thelathini na kitu, nimestaafu, cheti changu kimetundikwa ukutani nyumbani Miyuji karibu na kalenda, na bado mtu akiniuliza goti lililosagika linyooshwe kwa njia gani, kwa kutoa kabari ya mfupa au kwa kuingiza, najikuna kichwa. Juzi alikuja binti mmoja wa chuo na daftari lake. Akaniamkia vizuri, akasema, "Babu, nimeambiwa wewe uliziona njia zote mbili." Nikamwambia ndiyo, niliziona, na hiyo ndiyo shida yangu. Akaondoka na ukurasa mweupe. Nilimwonea huruma, ndiyo maana naandika haya.

Tuelewane kwanza jambo lenyewe. Mtu mwenye matege uzito wake wote unapita upande wa ndani wa goti. Miaka ikienda, upande huo unasagika mpaka mfupa unakutana na mfupa, na kila hatua inakuwa adhabu. Upande wa nje bado mzima, haujatumika. Sasa daktari anakata mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, anaugeuza ili uzito uhamie upande ule mzima. Hapo ndipo njia zinapoachana. Njia ya kwanza, unakata kabari upande wa nje, unaitoa, unafunga pengo. Njia ya pili, unapasua upande wa ndani, unafungua pengo, unalijaza na mfupa uliochukuliwa nyonga. Zote mbili mguu unageukia kulekule. Mpaka hapa hata mimi naelewa.

Mimi sikusomea kazi hii mwanzoni. Nilikuwa seremala, mtoto wa seremala, na hospitali iliniajiri kutengeneza magongo na vitanda. Aliyenivuta kwenye plasta ni Mzee Juma, mtu wa Majengo, kanzu nyeupe Ijumaa na aproni nyeupe siku nyingine zote. Huyu alikuwa fundi. Wakati ule plasta hazikuja tayari kama zenu. Tulinunuliwa unga wa plasta, tukakaa mezani tunausugua kwenye bandeji mkono kwa mkono, tunakunja, tunapanga kwenye makopo ya maziwa, tukiomba unyevu usiingie. Ilipofika miaka ya soko huria maduka yakaanza kuleta bandeji zilizokwisha kupakwa, safi, ndani ya karatasi. Mzee Juma alizinusa, akasema hazina adabu, zinaganda kabla hujamaliza kusalimiana na mgonjwa.

Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo sijaona kitabu kikiyasema vizuri. Maji yawe ya vuguvugu. Ya moto yanaharakisha plasta na yanaweza kumuunguza mgonjwa. Bandeji izamishwe mpaka mapovu yaishe. Na usishike plasta mbichi kwa ncha za vidole hata siku moja, shika kwa viganja, kwa sababu kila kidole kinaacha shimo, na kila shimo ni kidonda cha wiki ijayo. Nilipokosea alinipiga kofi mkononi, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi. "Wewe unaona mbao," alikuwa akiniambia. "Huyu si mbao." Nilicheka kila aliposema hivyo. Nilidhani ananitania tu.

Basi katika miaka hiyo tulikuwa na madaktari wawili wa mifupa, na Mungu anisamehe, walinichosha akili. Daktari Hamisi alikuwa mkubwa, mtu wa maneno machache, na yeye alikuwa wa kutoa kabari. Alisema mfupa ukikaa juu ya mfupa unaunga haraka, hauhitaji chuma, plasta yetu inatosha. Daktari Tesha alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni nje, mkarimu, mwenye kalamu nne mfukoni, na yeye alikuwa wa kufungua pengo. Alisema kutoa kabari kunafupisha mguu, tena lazima uguse kale kamfupa kembamba ka pembeni, na hapo karibu kuna mshipa wa fahamu ambao ukiuudhi mgonjwa anaburuta unyayo mpaka kufa. Daktari Hamisi akamjibu, "Na wewe unamfungua mtu sehemu mbili ili apone sehemu moja. Halafu unataka sahani ya chuma na misumari yake. Iko wapi?" Daktari Tesha akasema itakuja, nchi imefunguliwa, kila kitu kinakuja. Daktari Hamisi akatazama dirishani kama anaisubiri.

Walibishana hivyo mbele yangu, kwenye chumba changu, juu ya benchi langu. Akiongea Hamisi namuona yuko sahihi. Akiongea Tesha namuona naye yuko sahihi. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza mbona sili, namwambia nafikiria magoti.

Ndipo akaja Mama Nyemo.

Alikuwa mama wa makamo kutoka vijiji vya Hombolo, mkulima wa uwele na mizabibu kidogo, mrefu, matege yake yamepinda hasa, na goti la kulia limekwisha. Alikuja anatembea kwa kushika ukuta. Lakini kilichomleta hakikuwa shamba. Mama Nyemo alikuwa mpiga muheme. Ninyi wa Dodoma mnajua. Kwa wengine nieleze: ni ngoma zenye kiuno chembamba ambazo wanawake wa Kigogo wanazibana katikati ya mapaja, wamesimama, wanapiga kwa viganja huku mwili mzima unacheza. Ngoma haina kamba wala mguu wake. Miguu ya mpigaji ndiyo inayoishika. Na huyu mama ndiye aliyeongoza kundi lao. Msimu mzima uliopita alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, anawatazama wenzake wakikosea.

Madaktari walimuuliza maumivu yanaanza saa ngapi na anapanda ngazi vipi. Kwao Hombolo hakuna ngazi. Alipoingia kwangu kupimwa urefu wa mguu, akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye unayefunga?"

"Ndiyo, mama."

"Watanikata, sawa. Nimekubali. Nitabana ngoma?"

Mimi sikuwa na haki ya kujibu swali lile. Nilitakiwa kusema, mama, kamuulize daktari. Lakini alinitazama kama ninavyokumbuka mama yangu akinitazama, nikasema, "Utabana, mama. Mimi mwenyewe nitahakikisha." Angalieni kinywa kinavyoweza kumponza mtu.

Daktari Hamisi alimfanyia kwa njia yake. Akatoa kabari upande wa nje, akafunga pengo. Hakutia chuma, kama kawaida yake, kwa hiyo kilichoushika ule mfupa ni plasta. Siku ya upasuaji alifunga mwenyewe plasta ya nusu, ya kungojea uvimbe ushuke, kisha baada ya wiki mbili mimi nitoe nyuzi na kuweka plasta nzima, kuanzia pajani hadi vidoleni. Kabla ya hapo, kila mara nilipofunga goti la namna ile, Daktari Hamisi alikuwa ameushika mguu yeye, mimi nazungusha bandeji tu. Safari hii wiki mbili zilipotimia yeye alikuwa Dar es Salaam mkutanoni. Faili lilisema: badilisha plasta. Basi.

Nikafungua ile nusu, nikautazama mguu. Ulikuwa umepinda.

Si kwa ndani tena. Kwa nje. Goti limeingia ndani kidogo, unyayo umetupwa nje. Nikazunguka kitanda, nikatazama kutoka miguuni, nikafumba jicho moja kama ninavyotazama ubao kama umenyooka. Umepinda. Nikajisemea Daktari Hamisi alikata kabari kubwa mno, mzee anaanza kuchoka macho. Nikafikiria pia ngoma. Mguu mmoja una tege, mwingine umekwenda nje, ngoma itakaa wapi? Nilikuwa nimeahidi.

Sista Agnes, muuguzi aliyekuwa ameshika kisigino, akasema, "Daktari aliuacha hivi."

"Daktari alikuwa na haraka," nikamjibu.

Mfupa wa wiki mbili ni kama ugali ambao haujashika. Niliweka kiganja kimoja kwenye goti, kingine chini, nikasukuma polepole. Mama Nyemo aliguna mara moja, akauma kanga. Mguu ukanyooka. Nikafunga plasta ya kupendeza, laini kama yai, na nikaupigapiga kwa kuridhika. Nawaambia ukweli, sikuwahi kufunga mguu ulionyooka kama ule. Nilimwita mpaka mhudumu wa usafi aje auone.

Wiki moja baadaye Daktari Tesha alikuja chumbani kwangu na picha ya eksirei ya mgonjwa mwingine. Akaibandika kwenye kioo chenye taa, akatoa uzi mfukoni, ule wa kushonea nguo. Alipenda kufundisha hata asipoulizwa. Akaweka ncha moja ya uzi kwenye nyonga, nyingine katikati ya kifundo cha mguu.

"Fundi, tazama. Uzi huu ndio njia ya uzito. Kwa mtu mwenye matege unapita hapa, ndani. Sisi tunataka upite wapi?"

"Katikati," nikasema. Nani asingesema katikati?

"Hapana. Nje kidogo ya katikati. Tunazidisha makusudi. Ukiuacha umenyooka, mzigo unabaki nusu kwa nusu, na upande uliokwisha kufa utaendelea kulia. Ukiwa na kidonda mkono mmoja, ndoo unaihamishia mkono mwingine, au siyo? Hapo Hamisi na mimi hatubishani."

Nikakaa kwenye benchi. Mikono yangu ilikuwa na plasta mbichi ya mtu mwingine na ikaanza kunigandia vidoleni, sikuinawa. Kitu pekee walichokubaliana wale wawili, na ndicho nilichokivunja mimi. Nilitaka kukimbia. Nilifikiria pia kunyamaza, siwafichi. Plasta ilikuwa nzuri, mgonjwa alikuwa ananisifu wodini, na goti likija kuuma baada ya mwaka angelaumiwa Daktari Hamisi na kabari yake. Niliwaza hivyo mchana mzima. Halafu nikakumbuka kwamba mfupa haungoji mtu amalize kuwaza. Wiki ya tatu imekwisha. Baada ya siku chache ugali utakuwa jiwe.

Daktari Hamisi alirudi siku iliyofuata. Nilimfuata kabla hajavua koti la safari.

"Daktari, Mama Nyemo. Nimemnyoosha."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Ulikuwa umepinda."

Ningefurahi kama angenitukana. Akaagiza picha, akaibandika, akamwomba Daktari Tesha uzi wake. Uzi ukapita katikati kabisa, katikati ya goti kama nilivyotaka mimi, na wote wawili wakatikisa kichwa.

Sasa sikilizeni nilivyochanganyikiwa zaidi. Walikubaliana asirudishwe kwenye kisu, mfupa bado unaweza kugeuzwa kwa plasta yenyewe: unaikata kuzunguka pale mfupa ulipokatwa, unaacha kipande kidogo kama bawaba, halafu unaigeuza. Lakini unaigeuza vipi? Unaweza kukata kabari ya plasta upande wa nje, ukaitoa, ukafunga. Au unaweza kupasua upande wa ndani, ukafungua, ukapachika kipande cha mti. Ndiyo, ni ubishi uleule, sasa umehamia kwenye chokaa. Nilijua kila mmoja atasema nini, na wote wawili wakaniangusha. Daktari Hamisi, mzee wa kutoa na kufunga, akasema, "Fungua ndani." Daktari Tesha, kijana wa kufungua, akasema, "Toa nje, ufunge. Mti utabonyeza ngozi." Nikasimama katikati na msumeno wa plasta mkononi. Nikawauliza, kwa heshima zote, kama wananitania.

"Mfupa ni mfupa, plasta ni plasta," Daktari Hamisi akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe unajua plasta kuliko sisi. Ungefanya nini?"

Sikutegemea kuulizwa, hasa siku ile. Nikasema plasta ukiifunga huwa inauma ngozi kwenye mdomo wa pengo, nimeona malengelenge mengi; ukiifungua, ngozi inapumua, mradi mti uchongwe usivuke unene wa plasta. Daktari Tesha akafikiria, akakubali. Daktari Hamisi akasema, "Haya. Lakini kwanza utamwambia mwenyewe."

Nilikwenda wodini. Mama Nyemo alikuwa ameketi, anachambua mchele wa jirani yake wa kitanda. Nikapiga goti. Nikamweleza yote: kwamba daktari aliupinda makusudi ili apone, kwamba mimi niliunyoosha kwa ajili ya ile ngoma na kwa ajili ya macho yangu ya useremala, na kwamba lazima niupinde tena, na safari hii utauma.

Aliacha kuchambua. "Kumbe uliniharibia?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya ngoma yangu?"

"Ndiyo, mama."

Jirani yake wa kitanda akawa ananitazama kama mwizi wa kuku. "Haya, kapinde," akasema mwishoni. "Wewe shika goti. Ngoma nitajuana nayo mwenyewe."

Nilichonga vipande viwili vya mninga, nikavisugua kwa msasa mpaka vikawa kama meno ya mtoto. Nikapaka alama kwa penseli, nikakata, nikaacha bawaba ya vidole viwili upande wa nje. Daktari Hamisi akashika nyonga, Daktari Tesha akashika unyayo, na mimi nikafungua polepole, unene wa kucha, napumzika, unene wa kucha, napumzika. Mama Nyemo hakulia. Alikuwa anapiga plasta ya pajani kwa viganja, taratibu, mapigo ambayo sijui ni ya wimbo gani, na kila nilipofungua aliyaharakisha. Nikapachika mti. Tukapiga picha. Daktari Tesha akaweka uzi, ukapita nje kidogo ya katikati. Nikautazama mguu kwa macho yangu, nikauona umepinda, na ikabidi niamini uzi.

Katika miaka iliyofuata sahani za chuma zilikuja kweli, na Daktari Tesha akafungua mapengo yake. Nimeona waliotolewa kabari wakitembea kwenda shambani mapema, na mmoja akiburuta unyayo kama alivyoonya Tesha. Nimeona waliofunguliwa pengo wakinyooka vizuri, na mwingine ambaye alikanyaga kabla ya wakati kwa sababu mvua ilinyesha na hakuna wa kupanda, chuma kikakatika. Mkiniuliza ipi bora, nitawauliza mgonjwa anaishi wapi, na mtaona kwamba nakwepa swali. Nakwepa kweli.

Mama Nyemo alirudi baada ya mavuno, na fimbo moja tu, ameandamana na wenzake wawili na ngoma. Alitaka nione. Tulitoka nje, uwanjani mbele ya chumba cha plasta, Daktari Hamisi akasimama barazani. Mama Nyemo akampa mwenzake fimbo, akaiweka ngoma katikati ya mapaja, akainua mikono. Ngoma ikateleza. Ikaanguka vumbini na kubingirika mpaka kwenye viatu vyangu. Tege la mguu ule wa kulia ndilo lililokuwa likiishika miaka yote, na sisi tulikuwa tumeliondoa.

Nilishindwa kuinama kuiokota. Aliiokota Sista Agnes. Mama Nyemo hakunitazama. Alifungua kitenge chake cha juu, akakikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, akakipachika kati ya ngoma na paja la mguu wa kulia. Akabana. Akapiga mara moja kujaribu, kisha akaanza.

Alipiga wimbo mzima, akauanza mwingine. Goti halikumzuia, alicheza nalo, akaligeuza huku na kule, na vumbi likapanda mpaka kiunoni. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisimama. Nilikuwa nalia na wala sikujificha.

Ila ngoma ilikuwa imelala upande. Kitenge kiliingia juu sana, kwa hiyo ngoma iliinamia kushoto, kila mtu angeweza kuona, na ingechukua pumzi moja tu kukishusha kidogo ikasimama wima. Nikapiga hatua moja mbele. Halafu nikarudi nyuma, nikatia mikono yote miwili mifukoni, nikaiacha humo mpaka alipomaliza.